Mfuko wa Koti la Daktari

Gauni lilipofunguliwa juu ya meza ya polisi, lilinukia sabuni. Koplo wa zamu alilishika kwa ncha za vidole, akatazama kola, akatazama mikono, akatazama mistari ya pasi iliyonyooka kama imechorwa kwa rula, kisha akacheka. Hakucheka sana. Alicheka kidogo tu, kicheko cha mtu aliyekwisha kuona mengi na hakuna linalomshtua tena. Watu watatu waliokaa kwenye benchi nyuma wakanyoosha shingo waone kinachochekesha.

"Mama, hili ndilo gauni la ushahidi, au mmelinunua dukani asubuhi hii?"

Mama Dobi alikosa jibu, naye ni mtu ambaye majibu humtangulia hata kabla ya salamu. Gauni lilikuwa safi kwa sababu yeye mwenyewe alilifua. Siku ile binti yake aliporudi kutoka kazini saa tisa mchana, akasimama kati ya kamba za nguo na kusema, "Mama, msimamizi wa stoo kanibaka," Mama Dobi alimvua gauni, akamkogesha, akamfunga shuka safi, kisha akalitosa gauni kwenye maji ya moto. Alilifua mara tatu huku analia. Mwingine angelichoma, mwingine angelitupa, na mwenye akili iliyotulia angelitia kwenye mfuko wa karatasi akaenda nalo polisi saa ileile. Yeye ni dobi, na uchafu ukimjia mkononi anaufua. Mumewe, ambaye siku hiyo hakuambiwa kitu, alilikuta limekauka kwenye kamba akalipiga pasi pamoja na nguo za wateja.

"Lilikuwa chafu, nikalifua," alisema mwishowe.

"Basi umefua kesi nzima, mama." Koplo akamgeukia binti, na hakupunguza sauti. "Na wewe, zaidi ya miezi miwili ulikuwa wapi? Leo ndiyo umekumbuka kwamba ulibakwa?"

Binti alikuwa na miaka ishirini na miwili, na tangu utotoni aliitwa Chiriku kwa wingi wa maneno. Wanaodhani mtu akipatwa na jambo kama hili hunyamaza hawakumjua Chiriku. Yeye alizidi kusema. Alisema habari za bei ya sabuni, za mvua, za paka wa jirani, alisema mchana kutwa ili pasibaki nafasi ya lile moja.

"Sijakumbuka leo, afande, nimekuja leo," alijibu. "Nina mimba ya mtu aliyenibaka. Hospitali wamesema sheria inaniruhusu kuitoa, lakini hawanigusi bila karatasi yako. Niko wiki ya kumi na mbili, na wiki hii ikipita hawafanyi tena. Leo Jumatatu. Mwisho wangu ni Ijumaa."

"Karatasi si peremende nikakugawia. Lete shahidi, lete ushahidi. Huyo unayemtaja kahamishwa, hata sijui yuko wapi. Njooni wiki ijayo, mkubwa wangu atakuwa amerudi."

"Wiki ijayo tutakuwa tumechelewa."

"Hilo ni la hospitali. Si langu."

Akalikunja gauni ovyo ovyo, akalisukuma upande wao. Na hapo, mbele ya koplo na mbele ya benchi zima, mikono ya Mama Dobi ikalikunjua gauni na kulikunja upya vizuri, kola juu, mikono ndani, kama anavyomkunjia mteja. Alipogundua anachofanya alitamani ardhi ipasuke.

* * *

Nyumba yao ilikuwa na chumba cha mbele kilichokuwa ndiyo kazi yenyewe: rafu tatu za nguo zilizokunjwa, meza ndefu iliyofunikwa blanketi kuukuu, na nyuma ya meza Mzee Pasi, baba wa nyumba, na pasi yake ya mkaa. Mama alifua, baba alipiga pasi. Kila nguo ilitiwa alama kwa uzi ndani ya kola, msalaba mwekundu kwa huyu, nukta mbili za kijani kwa yule, na katika miaka ishirini hawakuwahi kumpotezea mteja hata soksi. Nusu ya kazi yao ilitoka hospitali ya wilaya: shuka, mapazia na makoti meupe.

Mzee Pasi alisikiliza habari za polisi hadi mwisho. Kisha akaisimamisha pasi kwenye kibati chake.

"Nililipiga pasi mimi," alisema. "Hata nikalisifia. Nilisema, gauni hili limetakata."

"Hukujua, mume wangu."

"Sikujua kwa sababu hamkuniambia." Hakusema kwa hasira. Alisema kwa uchungu, na uchungu wa mtu mpole ni mzito kuliko makelele. Mama Dobi akainamisha kichwa, maana kweli walimficha majuma matano, mpaka mimba ilipojulikana.

Kesho yake mchana akaja shangazi, dada wa Mzee Pasi, mwanamke mwenye huruma nyingi na ulimi usio na kizuizi. Alikuwa amekwisha kutafuta njia. Akavuta kiti, akashusha sauti ingawa mlango ulikuwa umefungwa.

"Wifi, mnahangaika bure na maofisi. Kuna mama mmoja nyuma ya soko. Kazi yake ni ya dakika chache, na siri haitoki. Wangapi wamepita pale, na leo wameolewa na wana watoto wao."

"Wewe unawajua walioolewa, wifi," Mama Dobi alijibu. "Mimi nawajua wengine. Aibu ya maiti aijuaye mwosha. Shuka za wodi ya wanawake anazifua nani? Nazifua mimi kwa mikono hii. Kuna shuka zikija, nazijua kabla sijazikunjua. Nikirudisha mzigo namuuliza Sista Mkuu, yule wa kitanda cha dirishani vipi? Sista anatazama chini. Mwaka jana peke yake alitazama chini mara nne. Mwanangu hatapita nyuma ya soko. Nimemaliza."

"Basi azae. Mtoto hana kosa, na watu watasahau."

"Azae?" Mama Dobi akasimama. "Wewe ndiye utakayemtazama kila asubuhi?"

"Kwani nimesema mimi ndiye niliye..."

"Shangazi." Chiriku alikuwa mlangoni na beseni la nguo kiunoni. "Shikamoo, na nakuheshimu. Mama, wewe pia. Lakini tangu Jumatatu kila mtu ana neno juu ya tumbo langu. Koplo ana neno, karani wa hospitali ana neno, nyinyi wawili mna maneno. Mimi sijaulizwa na mtu. Sasa nasema. Mimba hii siitaki. Na kufa nyuma ya soko sitaki. Yote mawili siyataki, na sioni kwa nini nichague moja kati ya hayo."

Akaweka beseni chini, akatoka. Pasi ya Mzee ikasikika ikipanda na kushuka juu ya blanketi. 

"Haya," alisema shangazi hatimaye, macho yamelowa. "Mimi niliogopa watu tu, wifi. Si kwamba simpendi."

"Najua," alisema Mama Dobi. Akamimina chai vikombe viwili, na wakainywa bila kugombana.

* * *

Jumatano ukafika mzigo wa hospitali. Kazi ya mifuko ilikuwa ya Chiriku tangu alipoacha stoo. Kabla koti halijaguswa na maji, mifuko hupekuliwa, kilichomo hutiwa kwenye bahasha, bahasha huandikwa alama ya koti, na siku ya kurudisha mwenyewe hupewa mkononi. Na sheria ya nyumba ni moja: cha mfukoni hurudishwa, hakisomwi. Iliwahi kupatikana barua ya mapenzi katika suruali ya mhasibu mmoja, na mkewe akaja mwenyewe kuuliza. Mama Dobi alimwambia, "Mimi nafua, dada, sisomi," na yule mama akaondoka bila kuambulia hata jina. Kwa sababu hiyo wateja walimwamini kuliko walivyoaminiana wenyewe.

Katika koti lenye misalaba miwili myekundu, ambalo ni la Daktari wa wodi ya wanawake, Chiriku alipata kalamu, peremende tatu, na karatasi iliyokunjwa mara nne. Asingeifungua. Lakini kwenye mkunjo wa nje lilitokeza neno moja la herufi kubwa, WALIOBAKWA, na macho yakishasoma hayawezi kurudisha. Akaifungua akaisoma yote, akarudia.

"Mama! Njoo."

Mama Dobi alikuja na povu hadi kwenye viwiko. Kuona karatasi imekunjuliwa, akang'aka: "Rudisha hiyo! Umekuwa nani wewe, wa kusoma mifuko ya watu?"

"Mama, nisikilize."

"Sisikilizi. Rudisha."

Chiriku hakurudisha. Alisoma kwa sauti, taratibu, kama anayemsomea mtoto: "Mwanamke aliyebakwa anayeomba kutolewa mimba atahudumiwa bila kucheleweshwa. Maelezo yake mwenyewe mbele ya daktari yanatosha. Ripoti ya polisi si sharti. Waraka huu ubandikwe mahali pa wazi." Akageuza karatasi. "Ina mhuri wa wizara. Ina tarehe ya miezi saba iliyopita, mama. Miezi saba!"

Mama Dobi akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Alimkumbuka koplo na kicheko chake, akakumbuka karani aliyewarudisha mlangoni mara mbili. Kumbe wakati wote huo jibu lilikuwa linatembea ndani ya hospitali, mfukoni mwa mtu. Hasira ilimpanda hadi masikio yakamwaka, na pamoja na hasira, kwa mara ya kwanza katika wiki ile, akaona njia.

"Tukimwonyesha, atajua tumesoma," alisema Mzee Pasi, aliyekuwa amesimama mlangoni akisikia yote. "Watatunyang'anya shuka. Nani atampa kazi dobi anayesoma mifuko?"

"Watunyang'anye."

"Nauliza tu, mama watoto. Si kwamba nakataa." Akanyoosha mkono. "Mkishalifua nileteeni hilo koti nilipige pasi vizuri. Mtu ukienda kugombana naye, usimpelekee koti lenye makunyanzi."

* * *

Alhamisi asubuhi karani wa mapokezi aliinua macho kutoka kwenye daftari lake, akamwona Chiriku, akauliza lile swali lake la siku zote. "Karatasi ya polisi mmeleta?"

"Tumeleta nguo," alisema Mama Dobi, akapita na furushi lake kichwani. Mlango wa dobi hauzuiwi na karani. Chiriku akafuata nyuma, na Mzee Pasi nyuma ya Chiriku, akiwa bado na vumbi la mkaa kwenye vidole.

Daktari alikuwa ofisini na Sista Mkuu, mwanamke mpana mwenye miwani iliyofungwa kamba shingoni. Daktari alikuwa kijana, mpole wa maneno, na macho yake yalikuwa ya mtu asiyelala vya kutosha. Mama Dobi aliliweka koti mezani na juu yake bahasha.

"Daktari, hesabu mali yako. Kalamu moja, peremende tatu, waraka mmoja. Miaka ishirini sijasoma mfuko wa mtu. Huu tumeusoma, na nimekuja kukwambia mwenyewe, usije ukaambiwa na wengine."

Daktari akaichukua bahasha haraka kidogo. "Mama, hii ni siri ya ofisi."

"Siri gani inayotakiwa kubandikwa ukutani?"

Sista Mkuu akanyoosha mkono. "Hebu." Akapandisha miwani, akasoma, na ilionekana wazi kwamba alisoma mstari wa tarehe mara mbili. "Daktari, waraka huu nimekuuliza mara ngapi? Uliniambia haujafika."

"Sista, unaujua mji huu." Daktari alikaa. "Aliyekuwa hapa kabla yangu alivunjiwa vioo vya nyumba. Nikimhudumia mmoja, kesho sokoni mke wangu ataonyeshwa vidole. Sikusema siwasaidii. Nilisema waje na karatasi ya polisi, ili nikiulizwa nami niwe na cha kuonyesha. Karatasi ile ilikuwa inanikinga."

"Inakukinga wewe," alisema Chiriku. "Mimi nakingwa na nini?"

Daktari alimkwepa macho. Akamtazama Mama Dobi badala yake, kwa sababu mama alikuwa rahisi kutazamika. "Na hili la kusoma mifuko ya wafanyakazi. Unajua mkataba wa shuka unaweza kuvunjwa kwa jambo kama hili?"

"Najua, mwanangu," alisema Mama Dobi, na kwa kumwita mwanangu alimpunguzia Daktari miaka kumi. "Uvunje. Kazi nyingine nitapata, hata za kufua magunia. Lakini anza na huyu, mkataba utauvunja Jumatatu. Kesho ndiyo siku yake ya mwisho. Siku ile alirudi nyumbani saa tisa mchana, akiwa..."

"Mama." Sista Mkuu alimgusa bega. "Waraka unasema maelezo yake mwenyewe. Wewe na baba tokeni nje. Atasema yeye."

Mama Dobi alimtazama binti yake, akitumaini ataambiwa abaki. Chiriku akatikisa kichwa. "Nenda, mama. Nitaweza."

Kwenye benchi la korido ndipo ujasiri wote ulipomtoka Mama Dobi. Mbele ya polisi alisimama, mbele ya wifi alisimama, mbele ya Daktari alisimama. Sasa aliikalia mikono yake. Alijiona mjinga kwa lile gauni. Alijiona mjinga kwa majuma matano ya kuficha. Mzee Pasi hakumwambia yaishe wala asilie. Aliutoa mkono mmoja wa mkewe chini ya paja lake, akaushika, wakakaa hivyo dakika arobaini huku wagonjwa wakipita.

Mlango ulipofunguliwa, karani alikuwa amekwisha kuitwa na fomu yake. "Sahihi ya mume," alisema, akitazama huku na huku. "Au ya baba."

"Ana miaka ishirini na miwili," alisema Sista Mkuu. "Mpe kalamu."

Chiriku akaweka sahihi. Daktari, kwa mwandiko wa haraka, akaweka yake chini ya hiyo, na Sista Mkuu akazitazama zote mbili kabla ya kuichukua fomu. "Kesho saa mbili asubuhi," alisema. "Msichelewe."

* * *

Ijumaa kazi yenyewe haikufika nusu saa. Daktari alimweleza Chiriku kila hatua kabla ya kuifanya, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayeijua kazi yake, hata Sista Mkuu, aliyekuwa ameshika mkono wa Chiriku, akamsamehe kidogo moyoni. Kuliuma, kisha kukapungua. Akalala kitandani kwa muda wa saa mbili, akapewa vidonge vya maumivu na maelezo ya dalili za kuangalia, na siku ya kurudi.

Daktari alipopita alimwachia Mama Dobi koti chafu la wiki. Mifuko yote miwili ilikuwa imegeuzwa nje. Mama Dobi akaliona hilo, akataka kucheka, akajizuia kwa heshima ya mahali. La mkataba hakulisema Daktari, wala yeye hakuuliza.

"Unajisikiaje?" alimuuliza binti yake alipomwinua.

"Mwepesi," alisema Chiriku. Kisha akalia, kwa nguvu na bila aibu, na mama yake akamshikilia hadi alipomaliza. "Usinifikirie vibaya, mama. Silii kwa kujuta."

"Sijasema unajuta."

Nje gari la kukodi lilikuwa linasubiri. Nyumbani kitanda kilikuwa kimetandikwa, shangazi alikuwa jikoni tangu alfajiri akipika uji. Walipita mapokezi polepole, Chiriku katikati ya wazazi wake. Dirishani kwa karani alikuwa amesimama mwanamke kijana, kichwa kimefunikwa hadi kwenye nyusi, akisema jambo kwa sauti ndogo sana hata karani akamwambia arudie. Akarudia. Watu wa kwenye foleni wakageuka.

"Karatasi ya polisi iko wapi?" aliuliza karani.

"Sina."

"Basi nenda ukaitafute."

Yule mwanamke akakusanya vitu vyake. Hakubisha. Alikuwa amekwisha kugeuka kuelekea mlangoni Chiriku alipojitoa mikononi mwa wazazi wake.

"Dada, usiondoke. Karatasi ya polisi haihitajiki."

"Wewe ndiye unayefanya kazi hapa?" karani akauliza.

"Hapana. Lakini nilikuwa hapa." Chiriku akaonyesha ukuta nyuma ya kichwa cha karani. Waraka ulikuwa umebandikwa pale kwa plasta ya vidonda, vipande vinne, kila pembe kimoja; Sista Mkuu hakungoja apewe gundi. "Geuka usome. Mstari wa tatu."

Karani hakugeuka. Foleni yote ndiyo iliyosoma. Yule mwanamke naye akasoma, midomo ikicheza, kisha akamtazama Chiriku usoni, akamtazama miguuni alivyokuwa amesimama kwa uangalifu, akaelewa.

"Ni mlango gani?"

"Wa tatu, mkono wa kushoto. Yupo Sista mwenye miwani, anza naye. Utasema mwenyewe, na watakusikiliza."

"Naogopa," alisema yule mwanamke. "Utanisindikiza?"

Chiriku akamtazama mama yake. Mama Dobi alikuwa na majibu kumi tayari: kwamba Daktari amesema apumzike, kwamba uji unapoa, kwamba kila mtu na mzigo wake. Akamwangalia yule mgeni na kitambaa chake kilichoshuka hadi kwenye nyusi. Akampokea Chiriku mfuko wa dawa.

"Mpeleke, mwanangu. Tembea taratibu. Tunakungoja hapa."

Wakaenda wawili, bega kwa bega, mmoja akitembea polepole na mwingine akipunguza hatua ili amngoje. Mama Dobi akakaa kwenye benchi na kuuweka mfuko mapajani, na Mzee Pasi akatoka nje kumwambia dereva aende zake.